Dakika 40 za jua usoni

Nilipostaafu ualimu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu niliinunulia Noah. Inabeba abiria kati ya Biharamulo mjini na Ngara kupitia Lusahunga, Nyakahura na Benaco, na usiku inalala Ngara. Mwaka jana, kwa zaidi ya miezi mitatu, kizuia jua cha upande wa dereva kilikuwa kimelegea, na mimi mwenye gari nilikuwa ninajua.

Nazungumzia kile kibao chenye sponji kilichofungwa darini, juu ya kioo cha mbele, ambacho dereva hukishusha jua likimpiga machoni. Wengi wetu tunapanda magari miaka na miaka bila kukitaja hata mara moja. Kikiharibika hakipigi kelele kama beringi, hakivujishi mafuta, wala hakizuii gari kuwaka. Gari linatembea, hesabu inaletwa, siku zinakwenda.

Dereva wangu ni kijana wa Nyakahura, mwenye adabu na mwendo wa wastani. Aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa simu.

"Shikamoo Mwalimu. Kile kizuia jua hakikai tena. Nikipita kwenye shimo kinaniangukia usoni."

"Marahaba, baba. Kivumilie mpaka tufanye sevisi. Wiki hii tumenunua matairi mawili."

"Sawa, Mwalimu."

Mara ya pili aliniambia ana kwa ana, wakati ananikabidhi hesabu, nami nikampa jibu lile lile. Hakurudia ya tatu. Alitafuta ukanda wa mpira wa tyubu, ule tunaofungia mizigo kwenye baiskeli, akakibana kibao juu kabisa darini. Kikaacha kuanguka. Kikaacha pia kushuka. Nilipoiona kazi ile nilimsifu kwa ubunifu, na kichwani mwangu jambo likawa limekwisha.

Julai nikapanda gari langu mwenyewe kutoka Biharamulo, nilikokwenda kumjulia hali dada yangu. Tulichelewa kutoka stendi kwa sababu abiria hawakujaa. Nilikaa kiti cha mbele, pembeni ya dereva. Tulipoiacha Nyakahura ilikuwa saa kumi na mbili na robo jioni, na kwenye kona moja jua likaingia ndani ya gari lote kwa mara moja.

Kiangazi cha huku hewa haiwi safi. Kuna vumbi, kuna moshi wa nyasi zinazochomwa, na kioo cha mbele hupata utando mwembamba ambao mchana huuoni. Jua likiwa chini, utando ule unawaka wote kama bati jipya. Nikashusha kizuia jua cha upande wangu. Kilishuka vizuri, kikatulia pale nilipokiweka, nikaendelea kuiona barabara.

Nikamwona mzee. Nilimwona mapema kabisa, labda mita 100 mbele yetu, akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi. Alikuwa anatembea juu ya lami kwa sababu ukingo wa barabara pale umeliwa na maji. Sikusema kitu. Mtu hamkumbushi dereva kitu kilicho wazi mbele yake. Nikageuka kumtazama kijana wangu, nikamkuta ameshika usukani kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ameukunja juu ya paji la uso, amefumba jicho moja, na shingo ameirefusha kama mtu anayechungulia tundu la mlango. Gari lilikuwa linakwenda kilomita 60 kwa saa. Ndipo nikaelewa kwamba mzee nilikuwa ninamwona mimi peke yangu.

Nilipiga kelele. Alikata usukani kulia, gari likayumba, na kioo cha pembeni, upande wangu, kikagonga mkungu wa nyuma. Baiskeli ikaanguka kwenye nyasi. Mzee akabaki amesimama, mikono bado imekaa mkao wa kushika baiskeli ambayo haipo.

Tulishuka wote. Dereva alishindwa kuongea. Nilimwamkia mzee, nikamwomba radhi, naye akaitika marahaba kwa sauti ya kawaida, akasema kwamba hata yeye jua lilikuwa limempiga machoni. Mkungu mmoja ulikuwa umepasuka katikati na utomvu unadondoka juu ya lami. Alikataa pesa yangu mara mbili, akaipokea mara ya tatu. Abiria walisaidia kufunga mizigo upya. Kijana wangu alikwenda mpaka upande wa pili wa barabara, akachuchumaa, akakaa huko muda mrefu, na hakuna abiria aliyelalamika kuchelewa.

Nimefundisha jiografia miaka 31. Usiku ule nilikaa Ngara nikayaunganisha mambo ambayo nimeyachora ubaoni maisha yangu yote bila kuyaona barabarani.

Saa ya Tanzania nzima inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haugusi nchi yetu, uko mbali baharini mashariki ya Zanzibar. Ngara iko karibu na nyuzi 31. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa zetu za mkononi kwa karibu saa nzima. Dar es Salaam giza linaingia wakati huku bado jua liko juu ya migomba. Kwetu linachwa karibu saa moja usiku, na asubuhi linachomoza karibu saa moja. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda unarudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na hapo ndipo saa na jua vinapatana.

Tena tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linashuka karibu wima. Kule Ulaya ya kaskazini linaweza kulala juu ya upeo kwa saa nyingi. Hapa nyuzi 10 za mwisho, zile ambazo jua linakuwa sawa na macho ya dereva, zinachukua kama dakika 40. Kila jioni, mwaka mzima, mawingu yakiruhusu.

Kisha ipo barabara yenyewe. Kutoka Lusahunga kwenda Benaco inaelekea kaskazini-magharibi. Juni na Julai jua linachwa upande wa kaskazini wa magharibi, yaani linasogea kuelekea mstari wa barabara. Asubuhi gari linaporudi linaelekea kusini-mashariki, na kuanzia Novemba hadi Januari jua linachomoza upande wa kusini wa mashariki, linasogea tena kuelekea mstari ule ule. Dereva wa njia hii ana msimu wake wa kupofuka jioni na msimu wake wa kupofuka asubuhi, na yote miwili inajulikana kwenye kalenda kabla haijafika.

Sasa tazama ni nani yuko barabarani katika dakika hizo. Jioni kabla ya saa moja ng'ombe wanarudi zizini, akina mama wanatoka mashambani na kuni kichwani, baiskeli zina ndizi na mkaa, watu wanatoka gulioni. Asubuhi ni watoto wa shule. Kengele yao inafuata saa ile ile ya nchi nzima, lakini kwa huku jua linakuwa limetoka kuchomoza tu. Wanatembea wawili wawili na sweta zao kwa sababu Ngara asubuhi ni baridi, na wadogo wanapenda kutembea juu ya lami kwa kuwa haina umande. Wazazi wao niliwafundisha, kisha nikawafundisha na wao. Na mimi ndiye niliyekuwa ninampeleka kwao mtu asiyeona.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda gereji mwenyewe, nikakaa juu ya tairi, nikaangalia kazi mwanzo hadi mwisho. Fundi alianza kwa kutoa vitu vilivyokuwa vimechomekwa nyuma ya kibao: kopi ya bima, risiti za mafuta za miezi miwili, daftari, kalamu mbili, noti za chenji zilizofungwa kwa rababendi, picha ndogo ya mtoto wa dereva. Akaniwekea vyote kwenye kiganja. Vilikuwa vizito. "Mama, hiki kimefanywa kabati," akasema, na nadhani hilo ni kweli kwa magari mengi ya abiria ninayoyajua.

Kishikio cha kizuia jua kimekazwa darini kwa skrubu. Kutoka hapo unatoka mchuma mwembamba kama kalamu, umepinda kama kiwiko, unaingia ndani ya kibao. Mchuma huo si wa mviringo kote, una sehemu moja iliyochongwa bapa. Ndani ya kibao kuna kibano cha bati la springi kinachoukumbatia. Ukikirudisha kibao juu, kibano kinakutana na ule ubapa, unasikia mlio mdogo, na kibao kinatulia. Kukaza kwa kibano hicho ndiko kunakokishikilia popote unapokiweka. Chetu kilikuwa kimepanuka, na ganda la plastiki linalokizunguka limepasuka. Fundi alinieleza sababu, na zote nilikuwa ninazijua bila kuzitia maanani: gari linashinda juani stendi hadi plastiki inakauka na kuwa kama ganda la yai, barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, ina mitikisiko ya miaka mingi ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mzigo wa yale makaratasi unakivuta chini kila gari linaporuka.

Alifumua mshono wa juu kwa wembe, akakitoa kibano, akakibana kwa plaizi kidogo kidogo huku akikijaribu kwenye mchuma. Alipotosheka alikirudisha ndani na kukizungushia waya mwembamba mahali plastiki ilipopasuka. Skrubu moja ilikuwa imepoteza meno, akaweka nene kidogo. Nilimuuliza kwa nini asitie supa gluu tu. Akaniambia wengi wanafanya hivyo, na baada ya hapo kibao ama hakizunguki tena, ama kinang'oka na kipande cha plastiki. Kwa mtu aliye safarini mbali na gereji, alishauri kipande chembamba cha tyubu kizungushwe kwenye mchuma wenyewe, chini ya kibano, ili kiongeze msuguano. Mpira ni ule ule aliotumia dereva wangu, ila ukikaa hapo kibao bado kinashuka na kupanda. Na anayenunua cha mtumba aende dukani na kibovu chake mkononi. Cha kushoto hakikai kulia, kwa kuwa mchuma umepinda upande mwingine.

Mshono ulimaliziwa na fundi viatu pale stendi, kwa uzi wa nailoni. Gereji nililipa shilingi 5,000, fundi viatu 2,000. Jumla 7,000, pungufu ya nauli ya abiria mmoja anayetoka Biharamulo hadi Ngara. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu.

Nimejiuliza sana kwa nini shilingi 7,000 zilikaa miezi mitatu bila kutoka, na sidhani jibu ni ubahili peke yake. Jibu liko kwenye mfumo wetu wa hesabu. Dereva analeta kiasi tulichokubaliana kwa siku, kinachozidi ni chake. Injini ikifa, wote tunajua ni gharama ya mwenye gari. Pancha, kwa kawaida, ni ya dereva. Lakini kati ya injini na pancha kuna vitu vingi visivyo na mwenyewe: wipa iliyokatika, kioo cha pembeni kilicholegea, taa moja hafifu, mkanda usiofunga, kizuia jua. Dereva akivitengeneza anaona anatengeneza gari la mtu mwingine kwa pesa ya watoto wake. Mwenye gari akiambiwa, anasikia kama kijana anatafuta sababu ya kupunguza hesabu. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, na gari linaendelea kupita Nyakahura saa kumi na mbili na robo.

Kwangu nimebadilisha utaratibu, na nawaomba wamiliki wenzangu wa Biharamulo na Ngara waufikirie. Kitu chochote kinachohusu macho ya dereva, yaani kioo cha mbele, wipa, vioo vya pembeni, taa na vizuia jua, dereva anatengeneza kwanza na kuniambia baadaye, hadi shilingi 10,000, na pesa inatoka kwenye hesabu ya siku hiyo. Haombi ruhusa. Analeta risiti kama ipo, na kama haipo analeta kile kibovu. Tangu Agosti mpaka leo hajatumia hata mara moja vibaya.

Kwa wenzetu wa usalama barabarani nina ombi moja. Kila mwaka inapofika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari yanakaguliwa na kupewa stika. Askari anatazama matairi, breki, taa, honi, mikanda, na anafanya vizuri. Naomba aongeze sekunde tano: amwambie dereva, "Shusha kizuia jua. Zungusha. Kiache." Kikianguka, hakuna stika mpaka kitengenezwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitaki gari bovu libebe watu, na gari linalomzuia dereva asione barabara sehemu ya kila siku ni bovu, hata kama injini yake inaimba. Sipendekezi faini. Shilingi 30,000 za faini zitatoka mfukoni mwa dereva, na kizuia jua kitabaki kimefungwa kwa mpira. Kunyimwa stika kunamfikia mwenye gari.

Kuna wanaosema barabara zetu zina makubwa zaidi ya hili: ulevi, mwendo kasi, kupita gari lingine kwenye kona, malori yaliyoharibika usiku bila taa. Nakubali kabisa, na hayo yana watu wanaoyapigia kelele kila siku. Lakini dereva wangu hakuwa amelewa wala hakuwa na haraka, na leseni yake ni halali. Alifanya kila tunachomwambia dereva afanye, na bado alikuwa karibu kumuua mtu mbele yangu kwa sababu ya kibano cha bati.

Wengine wananiambia anunue miwani ya jua. Anunue, inasaidia kupunguza ukali. Lakini jua lenyewe bado liko mbele ya macho, na kila barabara inapoingia kwenye kivuli cha mlima, miwani ile ile inamzidishia giza. Wengine wanabandika ukanda wa rangi juu ya kioo cha mbele wenye maandishi makubwa. Ukanda huo unasaidia saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu jua limeshapita chini yake.

Na niwe mkweli, dakika kumi au kumi na tano za mwisho hata kizuia jua kizima hakifui dafu, kwa sababu jua linakuwa chini kuliko kinavyoweza kushuka bila kuifunika barabara. Hapo dawa ni kufuta kioo kwa ndani na kwa nje kabla ya kuondoka, kupunguza mwendo mpaka uone unachokifuata, na ikishindikana, kuegesha pembeni. Nimemruhusu dereva wangu asimame. Abiria wa kwanza walinung'unika. Alishuka, akawaonyesha kwa mkono, akamwomba mmoja aje akae kwenye kiti chake aangalie mbele. Yule abiria alikaa kidogo, akashuka kimya, akanunua mahindi ya kuchoma.

Wale tuliosafiri njia hii zamani tunakumbuka magari yalivyokuwa yakingojana ili yaende kwa msafara, askari wenye silaha wakiwa pamoja nasi, kwa hofu ya majambazi wa porini. Tulikuwa radhi kusubiri saa nzima na hakuna aliyeona ni kuchelewa. Dakika chache za kungoja jua lichwe zisitushinde leo.

Yule mzee wa baiskeli tunamwona mara kwa mara. Dereva humpigia honi fupi akiwa bado mbali, naye huinua mkono bila kugeuka. Wiki iliyopita nimeona kizuia jua cha upande wa abiria nacho kimeanza kulegea. Fundi amesema nikilete Ijumaa.